Mzinga Haujibebi

Hoja iliyo mbele yetu inasema hivi: maendeleo ya silaha ndiyo yaliyoamua matokeo ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mimi naipinga. Naipinga huku nikikubali kwamba vita vile visingekuwa kama vilivyokuwa bila bunduki ya Maxim, mizinga ya kufyatua haraka, nyambizi na gesi ya sumu. Ninachokikataa ni hayo madai ya kuamua. Silaha ziliboreka pande zote mbili kwa pamoja, na zilivyozidi kuboreka ndivyo vita vilivyozidi kurefuka, na ndivyo ilivyoongezeka idadi ya watu waliolazimika kuvilisha, kuvitengenezea na kuvibebea mizigo. Afrika Mashariki jambo hilo lilionekana waziwazi kuliko Ulaya, kwa sababu kazi iliyofanywa kule na reli na malori, huku ilifanywa na mabega ya watu.

Mtoa hoja ana haki ya kuanza, na anaanza kwa kishindo, miaka kabla ya vita vyenyewe. “Twendeni Omdurman, Sudan, Septemba 1898,” anasema. “Jeshi la Kitchener, jenerali wa Uingereza, lina Maxim, mizinga na boti za kivita juu ya Mto Nile. Jeshi la Khalifa, mtawala wa Sudan, lina imani, mikuki na bunduki kuukuu. Jua halijapinda vizuri, watu wa Khalifa zaidi ya 10,000 wamelala chini. Upande wa pili hawakufa hata 50. Au njooni kwetu. Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji wanaliendea boma la Wajerumani pale Mahenge, na rashasha zinawafyeka kama nyasi. Nionyesheni maji yaliyoweza kuigeuza risasi, nami nitakaa kimya.”

Nusu ya maneno yake nayakubali. Pale ambapo mmoja ana rashasha na mwenzake ana mkuki, nusu siku inatosha, na hakuna ushujaa wala dawa itakayobadilisha hesabu. Lakini pigano moja si vita vizima. Baada ya Mahenge, wapiganaji wa kusini waliacha kuukabili mdomo wa bunduki. Wakajigawa vikundi vidogo, wakavizia njiani, wakapotelea porini. Maxim ikageuka chuma kisicho na wa kumlenga. Serikali ya Gavana Götzen ilipoliona hilo, iliamua kuchoma mashamba, kuteketeza maghala ya nafaka na kuwafukuza watu kwenye vyakula vyao hadi wasalimu amri. Wanahistoria wengi hukadiria waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000, na wengi mno kati yao waliuawa na njaa. Silaha iliyovimaliza vita vya Maji Maji ilikuwa kiberiti, na mwaka 1905 kiberiti hakikuwa uvumbuzi mpya.

Isitoshe, Omdurman na Mahenge ni mifano ya mwenye silaha kumkuta asiye nazo. Vita kuu, kwa maana ya vita vinavyokula miaka na kuyakausha mataifa, hutokea pale mwenye Maxim anapokutana na mwenye Maxim. Hapo ndipo hoja inapaswa kupimwa, na kipimo chake kikali zaidi ni Mto Somme, Ufaransa, mwaka 1916. Kwa siku saba Waingereza walivurumisha makombora kama milioni moja na nusu juu ya mahandaki ya Wajerumani. Kisha asubuhi ya 1 Julai wakapanda juu, wakaanza kusonga mbele. Hadi usiku walikuwa wamepoteza watu 57,470, wafu na majeruhi, na wafu peke yao walikuwa 19,240. Sababu zake zinafahamika. Sehemu kubwa ya makombora yale ilikuwa ya kutawanya vyuma vidogo angani: mazuri kwa kuua watu walio wazi, hafifu kwa kukata seng’enge, na hayana maana kabisa mbele ya mashimo yaliyochimbwa mita kadhaa chini ya ardhi. Mengine mengi hayakulipuka, kwani viwanda vilikuwa vimehimizwa kuzalisha mbiombio baada ya uhaba wa makombora wa 1915, ule ulioitikisa serikali ya London hadi ikaunda wizara nzima ya zana za vita chini ya Lloyd George. Mizinga iliponyamaza, Wajerumani walitoka mashimoni na kuzitega rashasha zao. Pigano lile liliendelea hadi Novemba, na mstari ukasogea kilomita 10 hivi. Mzinga bora ulizaa handaki la kina zaidi, handaki likadai mzinga mkubwa zaidi, na mzinga mkubwa ukadai kiwanda, reli, kodi na mkopo.

“Unachagua mfano unaokufaa,” mtoa hoja anadakia. “Mbona husemi neno juu ya kemia? Uingereza iliziba njia ya nitrati kutoka Chile, na bila nitrati hakuna baruti. Ujerumani ingefunga duka mapema, kama Fritz Haber na Carl Bosch wasingekuwa wamegundua namna ya kutengeneza amonia kutokana na hewa. Mbona husemi juu ya vifaru? Tarehe 8 Agosti 1918, pale Amiens, vifaru zaidi ya 400 viliupasua mstari ulioshindikana kwa miaka minne.”

Haber ni shahidi wangu, si wake. Ugunduzi ule uliiwezesha Ujerumani kuendelea kufyatua mizinga hadi Novemba 1918, kisha ikashindwa vilevile. Kilichoongezeka katikati ni miaka, na miaka ilibeba makaburi. Vifaru navyo vilifanya kazi kubwa ile siku ya kwanza. Siku chache baadaye, vilivyobaki vizima vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole, vingine vimepigwa, vingi zaidi vimeharibika vyenyewe njiani. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limechoka, limeishiwa vijana wa kuziba mapengo, na nyuma yake kulikuwa na miji yenye njaa kwa sababu ya kuzingirwa baharini, mbinu iliyojulikana tangu enzi za matanga. Na nyambizi, ambayo mtoa hoja ameiruka kwa hekima, ndiyo inayoniunga mkono kuliko zote. Kuanzia 1 Februari 1917 Ujerumani iliiruhusu kuzamisha meli yoyote bila onyo. Ilizamisha nyingi kweli. Chombo kilifanya kazi kilichoundiwa. Miezi miwili baadaye, 6 Aprili, Marekani ikaingia vitani. Silaha iliyofaulu katika kila jaribio la ufundi ilimletea mwenyewe adui asiyeweza kumshinda.

Sasa turudi mwambao wetu, Novemba 1914. Uingereza ilileta Tanga kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India. Waliowasubiri walikuwa 1,000 hivi. Kampuni nyingi za askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, zilikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, za baruti nyeusi: ukifyatua mara moja, wingu jeupe linapanda juu ya kichaka na kumwonyesha adui ulipo. Waliotoka baharini walikuwa na bunduki zisizotoa moshi. Kwa hesabu ya mtoa hoja, pigano lile lilikuwa limekwisha kabla halijaanza, na kweli lilikwisha upesi, ila kinyumenyume. Tarehe 5 Novemba waliosalia walirudi melini, wakaacha ufukweni rashasha 16, mamia ya bunduki na risasi 600,000, na askari wa Kijerumani wakazishika bunduki hizo mpya. Reli ya Usambara ilikuwa imewaleta askari kutoka Moshi kwa wakati, huku wavamizi, wenye kichefuchefu cha safari ndefu ya bahari, wakipoteza siku nzima kwa kusitasita. Nyuki waliovurugwa mizingani walizishambulia pande zote mbili, na masimulizi ya nyuki yamependwa miaka yote kuliko masimulizi ya reli. Rashasha za Wajerumani nazo zilifanya kazi yake siku ile, silifichi hilo. Lakini rashasha zilikuwa pande zote mbili.

“Basi na Rufiji?” mtoa hoja anauliza, na hapa ana neno zito. “Manowari Königsberg iliizamisha Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajichimbia kwenye mikono ya Rufiji, ambako meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia. Ilimalizwa na nini? Meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, zilizoanza kuundwa kwa ajili ya Brazil, na ndege zilizoruka kutoka Mafia kuangalia makombora yanaangukia wapi na kuwaelekeza wapiga mizinga. Jaribio la kwanza lilikuwa 6 Julai 1915, la pili 11 Julai, na Königsberg ikawa historia. Hiyo ni silaha mpya iliyoamua.”

Iliamua habari ya meli. Habari ya vita ilianza upya siku iliyofuata. Mizinga 10 mikubwa ya Königsberg iliopolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, na katika karakana za reli ikaundiwa magari ya magurudumu. Tangu hapo mizinga iliyobuniwa kukaa juu ya sitaha ikavutwa nchi kavu, kila mmoja ukiwa na uzito unaozidi tani, juu ya matope na milima, kwa kamba, na mamia ya watu. Mmoja wao umesimama hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Anayeutazama huona chuma na mdomo wa bomba. Wale waliouvuta hawapo pichani. Na vita viliendelea miaka mitatu na miezi minne baada ya meli kuzama.

Kuanzia 1916, Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza alipokuja na maelfu ya wanajeshi, farasi na magari, mzigo ulizidi kuliko njia. Mbung’o waliwaua farasi na nyumbu kwa maelfu. Mvua zikayakwamisha malori. Kilichobaki kikitembea ni binadamu. Hebu tupige hesabu tukiwa karibu. Mpagazi alipangiwa mzigo wa kilo 25 hivi. Sanduku lenye mkanda wa risasi 250 za rashasha lina uzito wa kilo 10 hivi, kwa hiyo mtu mmoja hubeba mawili, yaani risasi 500. Rashasha ikifyatuliwa mfululizo, risasi hizo zinakwisha kwa dakika moja. Mtu aliyetembea siku 10 kutoka mwisho wa reli hadi mstari wa mbele, akivuka mito na kulala matopeni, amewaletea wapiganaji dakika moja. Najua hakuna mpiga rashasha mwenye akili anayefyatua bila kupumzika. Hata ukiizidisha dakika hiyo mara kumi, hesabu haipendezi. Tena mtu huyo anakula. Posho ya unga ilikaribia kilo moja kwa siku; siku 10 za kwenda na 10 za kurudi ni kilo 20, karibu mzigo kamili wa mpagazi mwingine. Huyo mwingine naye anakula.

Hapo ndipo penye kiini cha ninachosema. Kila hatua ya maendeleo ya silaha, kutoka bunduki ya risasi moja moja hadi rashasha, kutoka mzinga mdogo hadi mzinga wa manowari, iliongeza kilo. Ulaya kilo hizo zilipandishwa kwenye behewa. Huku ziliwekwa kichwani. Makadirio ya kawaida yanasema wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao walizidi milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Afrika Magharibi na Tanganyika yenyewe. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 95,000 au zaidi, na sehemu ndogo sana kati yao ndiyo iliyopigwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Watu waliozoea ndizi, viazi au mtama walipewa unga wa mahindi, bila sufuria za kutosha wala muda wa kuupika ukaiva, na matumbo yakaharibika. Ni vigumu kuiita hiyo bahati mbaya. Jeshi linaloleta rashasha mahali pasipo na barabara limekwisha kuamua kwamba barabara itakuwa watu.

Kuna kituko kimoja kinachostahili kutajwa. Tarehe 21 Novemba 1917 Ujerumani ilirusha zepelini L59 kutoka Bulgaria ikiwa na shehena ya tani 15 hivi kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck. Ilifika juu ya anga la Sudan, ikaamriwa kurudi, na ikatua ilikotoka baada ya saa 95 hewani na zaidi ya kilomita 6,700. Hakukuwa na kazi ya uhandisi iliyoizidi hiyo kwa ustadi mwaka ule. Kwa kipimo cha kilo 25 kwa kichwa, shehena yake yote ilikuwa mizigo ya wapagazi 600.

Sauti ya tatu inainuka ukumbini, ya mtu aliyesoma sana habari za Ulaya. “Mnakuza mambo,” anasema. “Vita vya Afrika Mashariki vilikuwa pembeni. Hakuna kilichoamuliwa kwenye mapigano ya Mahiwa wala Mahenge ambacho kingebadilisha chochote Berlin. Huwezi kuuhukumu mfumo mzima wa silaha za kisasa kwa kutazama pori lisilo na barabara.” Ni pingamizi la haki, na sehemu yake moja ni kweli tupu: kushindwa kwa Ujerumani kulipatikana Ulaya. Lakini pembeni ndiko mahali pazuri pa kutazamia, kwa sababu hakuna kilichofunika. Kwenye Somme, mtu anayeibebea rashasha chakula amefichwa nyuma ya kiwanda, nyuma ya reli, nyuma ya mwanamke anayejaza baruti kwenye makombora hadi ngozi inageuka rangi ya manjano. Huku anaonekana kwa macho, njia nzima, mmoja nyuma ya mwenzake. Uhusiano ni uleule. Tena jeshi la Lettow-Vorbeck linaleta ushahidi usiopatikana Ulaya: lilikatiwa viwanda vya nyumbani kwa miaka minne, na liliposalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, sehemu kubwa ya bunduki zake zilikuwa za kuteka kutoka kwa Wareno na Waingereza. Lilikuwa halijakamatwa. Lilidumu kwa kuchukua chakula na watu vijijini, kama walivyofanya waliolifukuza, na Wagogo wanaijua bei yake: kati ya 1917 na 1920 ukame uliwakuta nafaka, ng’ombe na wanaume wao wamekwisha kuchukuliwa na majeshi, na njaa ya Mtunya ikaua maelfu kwa maelfu.

Mtoa hoja ana turufu mbili za mwisho, zote kutoka vita vya baadaye, nazo nitazipitia kwa haraka kuliko anavyotaka. Ya kwanza ni bomu la nyuklia la 1945. Nakubali kwamba liliharakisha mwisho, lakini ni Omdurman tena: mmoja alikuwa nalo na mwenzake hakuwa nalo. Tangu wawe nalo wawili, hakuna aliyelitumia vitani. Ya pili ni droni za Ukraine, ambazo kwa bei ndogo huteketeza kifaru cha bei kubwa. Hapa nasita kidogo, maana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu silaha mpya imekuwa nyepesi na rahisi kuliko ile inayoiharibu. Hata hivyo, tazama kilichofuata. Pande zote mbili zilizipata, majeshi yakarudi kuchimba mahandaki, na Ukraine ikajiwekea lengo la kutengeneza droni milioni moja kwa mwaka 2024. Ni uhaba wa makombora wa 1915 uliovaa nguo nyingine, na vita vilivyoanza Februari 2022, ambavyo wengi walidhani vitakwisha kwa siku, vikageuka miaka.

“Umebadilisha hoja,” mtoa hoja ananishtaki. “Hoja ilikuwa juu ya matokeo, wewe unazungumzia gharama.” Inategemea matokeo yanaandikwa na nani. Kwa waliokaa mezani baada ya vita, matokeo yalikuwa ramani: Tanganyika kwa Uingereza, Ruanda-Urundi kwa Ubelgiji, kipande cha Kionga kwa Ureno. Mambo hayo yaliamuliwa na uchovu wa Ujerumani huko Ulaya, na sijasikia silaha hata moja inayoweza kudai sifa hiyo peke yake. Kwa vijiji vilivyotoa wapagazi, matokeo yalikuwa mashamba yasiyolimwa, wanaume wasiorudi, na madaftari ya malipo yenye majina yaliyoandikwa vibaya au yasiyoandikwa kabisa. Mishahara ya wengi waliofia njiani haikuwahi kuwafikia ndugu zao, ingawa kazi ilikuwa imekwisha kufanyika na risasi zilikuwa zimefika. Mtoa hoja akitaka kunijibu, aanzie kwenye daftari hilo.